Laini ya Mama Neema, na Nyingine Nilizozipima London

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Msikivu asiyepotewa na sauti yoyote, aliyenipa masikio mazima, mikono isiyotetemeka juu ya ngazi, na riziki ya halali katika mji wa ugenini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Nikishasema hayo naona kalamu imekuwa nyepesi, na naweza kuanza.

Vijana watatu wa msikitini kwetu Woolwich, wote mafundi wa mitandao, wameniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa. Nimestaafu majuzi tu. Buti za kampuni bado ziko mlangoni na mke wangu anauliza kila siku zinangoja nini. Ripoti zangu zote za kazini niliziandika kwa Kiingereza, na hakuna iliyozidi mistari mitatu. Hii naiandika kwa Kiswahili, na itazidi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara umeshaliwa.

Niliingia kampuni ya simu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimeshapita arobaini. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala, na ghala likafungwa. Siku ya kwanza walinipeleka Walthamstow nikawe chini ya fundi mmoja mkongwe aitwaye Len, Mwingereza wa mashariki ya London, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwa mafuta ya nyaya. Alinitazama mvi zangu, akatazama ngazi.

"Wewe na hii ngazi, nani mkubwa?" akauliza.

"Mimi. Lakini yeye amepanda zaidi."

Akacheka, na tangu hapo tukaelewana. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa nyuma ya soko, katika safu zile za nyumba zilizoungana mabega. Mwenye nyumba alilalamika kwamba simu yake inakwaruza. Len alinipa simu ya majaribio, ile yenye vibanio viwili kama midomo ya kaa, akanionyesha pa kubana.

"Nipige namba gani?" nikamwuliza.

"Nani kakwambia upige? Kwanza sikiliza."

Ipo namba ya majaribio ambayo ukishaipiga laini inanyamaza kabisa, na ndani ya kimya kile ndipo kasoro inapojitokeza. Akaipiga yeye, akanikabidhi simu. Nilisimama pale ukumbini kwa mtu, nimefumba macho, buti zangu mpya zinanibana.

"Unasikia nini?"

"Kama mchanga unamwagwa juu ya karatasi."

Len aliinua nyusi. Alisema wanafunzi wake wengi huchukua miezi kuusikia mchanga ule. Ulikuwa unyevu: maji yameingia kwenye kiungo cha waya juu ya nguzo, na shaba imeanza kuota kijani. Sikumweleza kwamba nilipokuwa mdogo Unguja nilikaa chuoni kwa maalimu wa Kurani ambaye angeweza kumsimamisha mtoto kwa herufi moja iliyotoka pasipo pake, naye amelalia mto, macho yamefungwa. Sikio langu lilifundishwa kazi mapema sana. Nilimwombea maalimu wangu dua palepale, nikapanda nguzo.

Len hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alinifundisha jambo ambalo nimelitumia kila siku. "Mteja hakosei anaposema ana tatizo," alikuwa akisema. "Hukosea mahali tu." Nilimwelewa vizuri. Lakini kuelewa jambo na kulifuata ni safari mbili tofauti, kama mtakavyoona.

Katikati ya miaka ya tisini watu walianza kuunganisha kompyuta zao kwenye simu. Nyinyi hamkuyaona hayo. Modemu ilikuwa inapiga simu kama binadamu, inalia na kukoroma, kisha intaneti inaingia polepole, na mtu akiinua simu jikoni kila kitu kinakatika. Kwetu mafundi ilikuwa ni kazi mpya kabisa. Sikio la mtu linavumilia mkwaruzo: wawili wakizungumza na laini ikikwaruza, huulizana "umesemaje?" wakaendelea. Modemu haina subira hiyo. Laini iliyokuwa nzuri kwa miaka ishirini ghafla ikawa mbovu, na hakuna kilichobadilika isipokuwa msikilizaji.

Nitawatajia kisa kimoja tu cha zama hizo. Bi Zuhura, mama wa Kipemba aliyekuwa akikaa Walthamstow, alilalamika kwamba intaneti yake inafanya kazi nusu saa halafu inakufa. Binti yake alikuwa Muscat na ndiyo njia waliyokuwa wakiandikiana. Nilivua buti mlangoni, jambo ambalo sheria ya usalama ya kampuni inalikataza na sheria ya Bi Zuhura inaliamrisha. Nikapima soketi: safi. Nikapima waya: safi. Kisha nikatafuta modemu yenyewe, sikuiona.

"Bibi, modemu iko wapi?"

"Hiyo hapo, mwanangu, mbele ya macho yako."

Ilikuwa chini ya kitambaa kizito cha kufuma, chenye maua, kimekunjwa mara mbili na kubanwa kwa jagi la maji. Runinga ilikuwa na chake, redio ilikuwa na chake, na simu pia. Nilipoigusa modemu ilikuwa ya moto kama chuma cha pasi.

"Bibi, hii inataka hewa."

"Hewa! Kwani inapumua? Na mimi nikiache kitu uchi sebuleni, wageni waseme nini?"

Tulisuluhishana akaifumia upya kitambaa chenye matundu makubwa, na jagi likahamia kwingine. Sikujua niandike nini kwenye ripoti. Niliandika: *Mazingira ya kifaa yamerekebishwa.* Bi Zuhura, Mungu amrehemu, hakupiga simu ya malalamiko tena.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ikaja brodibendi, nami nikahamishiwa kusini ya mto, kwenye bohari ya Woolwich. Waya ni uleule wa shaba, lakini sasa intaneti inakaa juu yake mchana na usiku bila kupiga simu. Na pamoja nayo ikaja desturi ya watu kupima kasi wenyewe. Mteja anakufungulia mlango na karatasi mkononi: jana nilipata hivi, leo hivi, kampuni ni wezi. Ukimwuliza alipima vipi, utakuta alipima chumbani ghorofani, bila waya, huku watu wanne nyumbani wanapakua filamu.

Kwa hiyo sikilizeni, maana hili halijapitwa na wakati. Pimeni kwenye soketi kuu, pale waya unapoingia nyumbani. Fungueni kifuniko chake, mtumie tundu la ndani, ili nyaya zote za mwenye nyumba ziwe zimekatwa. Tumieni modemu yenu mnayoiamini na waya wenu, si hewa. Kama pale ni pazuri na kwingine ni pabaya, kasoro iko ndani ya nyumba. Kama pale pia ni pabaya, rudini barabarani. Na kasi si kitu pekee. Laini ya mwendo wa kadiri isiyokatika ni neema kuliko ya mbio inayoanguka kila saa. Kipimo kimoja kinakwambia hali ya dakika ile tu. Hili la mwisho nilikuwa nikiwaambia wengine kwa miaka, kabla sijafundishwa mwenyewe na mama mmoja wa Thamesmead.

Mama Neema alikuwa Mkongo wa Bukavu, anakaa ghorofa ya nne katika moja ya majengo yale marefu ya saruji yenye varanda za nje. Malalamiko yake: intaneti inakatika. Nilifika saa nne asubuhi, siku moja ya Novemba. Alikuwa ametoka zamu ya kuhudumia wazee, bado amevaa sare. Nilipima nusu saa nzima kwenye soketi kuu. Kimya cha laini kilikuwa kizuri, kasi nzuri, taa ya modemu imetulia. Nikaanza kufunga mkoba.

"Papa, unaenda?" akaniuliza. "Ile kitu haijakatika bado. Ngoja ikatike kwanza, njo utaona."

"Mama, nimepima kila kitu. Laini yako ni nzima."

"Iko muzima juu wewe uko hapa. Ukienda, nayo inaenda."

Nilicheka. Nikaandika: *Hakuna hitilafu. Kesi imefungwa.* Baada yangu walikwenda wenzangu wawili, asubuhi wote, wakaandika vilevile. Mmoja alimwambia labda ni mvua inayoingia kwenye nyaya, akaondoka.

Mwanzoni mwa Desemba kesi ikanirudia mimi, Jumanne, saa nane mchana. Safari hii Mama Neema hakunichekesha. Alinikalisha mezani jikoni, akanieleza taratibu, na nilitamani anifokee.

Kwao alikuwa muuguzi, miaka kumi na miwili katika wodi ya wazazi. London vyeti vyake havikutosha, akawa anaosha wazee na kubadilisha mashuka. Sasa alikuwa anasoma kozi ya kumrudisha kwenye uuguzi, na mtihani wake mkuu ulifanywa kwa kompyuta, nyumbani, saa kumi kamili jioni. Ukikatika katikati, mtihani unajifunga na unahesabiwa umeshindwa. Kila mtu alipewa nafasi tatu.

"Ya kwanza ilikatika. Ya pili ilikatika," alisema. "Kesho kutwa, siku ya ine, ni ya mwisho. Nikiikosa hii, nafasi yangu banampa mutu mwingine."

Siku ya ine kwao ni Alhamisi.

"Huwezi kwenda maktaba?"

Alinyoosha mkono kuelekea sebuleni, ambako mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shali begani, anatazama runinga bila sauti. "Na huyu namuacha na nani?"

Mtu wa kwanza kufunga kesi ile alikuwa mimi, tena kwa kicheko. Nilimwuliza kama anakumbuka inakatika saa ngapi. Akavuta droo, akatoa daftari la shule.

"Niliandika kama vile tunaandika homa ya mugonjwa," akasema.

Kurasa na kurasa, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, tangu Septemba: tarehe, saa inapoanza kukatika, inadumu muda gani, na, tangu yule fundi aliyesingizia mvua, neno moja pembeni, *jua*, *mawingu*, au *mvua*. Saa alizoziandika zilikuwa zinahama. Septemba ilikuwa saa moja jioni, Oktoba saa kumi na mbili, mwisho wa Oktoba ikaruka saa nzima kwa mpigo, Novemba saa kumi na kitu. Nikajua kwa nini wenzangu waliipuuza. Kosa lisilokuwa na saa maalumu halina adabu, hulikamati.

Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Nikamwomba kona safi nisali.

"Salia pale, Papa," akasema, akisogeza kiti. "Ata sisi batu ba Yesu tunaomba. Ombea na modemu."

Nilitoa kwenye pochi ratiba ya sala ya msikiti wetu, ile karatasi ndogo ya mwezi kwa mwezi, kuhakikisha wakati. Nilikuwa na tabia ya kutozitupa za miezi iliyopita, jambo ambalo mke wangu huliita uchafu. Nikasali, nikarudi mezani, na karatasi zangu zikiwa kando ya daftari lake. Macho yangu yalikuwa yakitazama kitu kingine kabisa yalipoziona namba. Katikati ya Novemba, daftari, kwa saa za Kifaransa (16 ni 4 jioni): 16h18, 16h17, 16h15. Ratiba yangu, siku zilezile, safu ya magharibi: 4.13, 4.12, 4.10. Tofauti ni dakika tano, karibu kila siku. Nikageuza Oktoba. Dakika tano. Ile saa iliyoruka ilikuwa ni siku Waingereza wanaporudisha saa zao nyuma. Septemba, dakika tano, sita.

Laini ya Mama Neema ilikuwa inakatika jua likizama.

"Mama Neema, hapa jirani kuna Mwislamu?"

"Kwa nini? Beko banaiba intaneti?"

Nilidhani labda kuna jirani mwenye saa ya adhana yenye chaja mbovu, na nusura nisimame nikagonge milango ya watu kwa dhana hiyo. Mungu akanizuia kwa neno moja la pembeni. Kila siku aliyoandika *mvua* au *mawingu*, kosa lilitangulia, mara nyingine kwa robo saa. Saa ya adhana haioni mawingu. Kitu hiki kilikuwa kinatazama mbingu. Kilikuwa na jicho. Na vitu vyenye jicho, katika jengo la ghorofa, ni taa zinazojiwasha zenyewe giza likianza.

Nikampigia Maureen wa dawati la majaribio, sauti niliyofanya nayo kazi miaka saba bila kuonana. Yeye ndiye aliyekuwa akitugawia kazi na kutazama laini kutoka mbali.

"Salim, una nyumba Plumstead saa tisa na nusu," akanikumbusha.

"Mpe mwingine."

"Bosi akiuliza nimwambie nini?"

"Mwambie nangoja jua lizame."

"Niandike hivyo?"

"Andika hivyo hivyo."

Tulingoja. Kwa muda ule nilifanya yaliyo katika uwezo wetu: nilikata ule waya wa tatu wa kengele za simu za zamani, ambao hauna kazi siku hizi isipokuwa kuokota kelele, na nikaihamishia modemu kwenye soketi kuu. Mama Neema alipika chai ya tangawizi. Mama mkwe alinitazama kwa huruma. Saa kumi kasoro dakika moja taa ya modemu ikayumba, ikapepesa, ikazimika.

Mama Neema akapiga makofi. "Umeona! Papa, umeona na macho yako! Mimi si mwenda wazimu!"

Sijawahi kumwona mteja aliyefurahi hivyo kwa kukatiwa intaneti. Nami pia, nakiri, nilisema Allahu Akbar kwa sauti.

Sasa nikatoa redio. Hiki ni chombo ambacho hamtakikuta kwenye orodha ya kampuni. Len alinifundisha wiki yake ya mwisho kazini: redio ndogo ya betri, masafa ya kati, mshale upande wa chini pasipo na stesheni. Umeme mbovu popote ulipo unaingia mle na kulia. Nikaiwasha jikoni, ikachemka kama mafuta ya kukaangia samaki. Nikatoka nje kwenye varanda, ikazidi. Nikatembea kushoto, ikafifia. Kulia, kuelekea ngazi, ikapiga kelele hadi jirani akafungua dirisha. Taa zote za varanda zilikuwa zimewaka, isipokuwa moja pale kwenye ngazi. Hiyo ilikuwa inajaribu: inatoa rangi ya zambarau, inatetemeka, inashindwa, inaanza tena. Hatua mbili kutoka pale, bomba la nyaya zetu za simu lilikuwa linapanda ukutani.

Tukamwita mtunza jengo, Mwairishi mnene aitwaye Pat, akapanda ghorofa nne akihema.

"Hiyo taa imeshajaziwa fomu ya matengenezo," akasema kabla hajafika. "Siku ishirini na nane za kazi."

"Mtihani ni kesho kutwa," nikamwambia.

"Mtihani wa nani?"

"Wangu," akasema Mama Neema, mikono kiunoni. "Na wewe, Pat, kila siku unanipita hapa na ile taa yako inanikonyeza."

Pat akasema taa si yake, ni ya wakandarasi, na akiizima ngazi itakuwa giza, mtu akianguka atafukuzwa yeye. Alikuwa na haki. Sikubishana. Nikampa redio.

"Shika. Tembea nayo."

Akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzie. Akasogea kwenye taa, ikalia. Akarudi nyuma, ikanyamaza. Akasogea tena. Akaenda mbio kidogo, kwa mwili ule, akarudi, uso umebadilika.

"Yesu na Maria," akasema. "Ni taa yangu."

"Si ulisema ya wakandarasi?" Mama Neema akamwuliza.

Pat alikuwa anafikiri kwa midomo. "Kifaa chote ni cha wakandarasi. Siruhusiwi kukigusa. Lakini balbu..." Akanitazama. "Balbu naruhusiwa. Unadhani ni balbu?"

Niliitazama tena inavyohangaika. Taa za namna ile balbu ikizeeka haishiki moto, na kiwashio chake hakikati tamaa. Kinaipiga na kuipiga, saa nzima, na kila pigo linaingia kwenye waya wetu. "Nadhani. Unayo nyingine?"

"Boksi zima. Liko chini. Hakuna aliyeniuliza."

Alikwenda kukata umeme wa taa, akarudi na balbu. Sheria ya kampuni ilikuwa kali: mtu asiye mfanyakazi wetu asipande ngazi yetu. Nilishika ngazi kwa mikono miwili na kusoma tangazo la takataka ukutani, kwa hiyo sikuona nani aliyepanda. Umeme uliporudi, taa ilitoa wekundu hafifu, ikapanda polepole kuwa njano, ikatulia. Redio ikanyamaza. Kutoka ndani tukasikia sauti ya Mama Neema: "Imerudi! Imerudi na haitingishike!"

Nilikaa mpaka saa kumi na moja kasorobo nikipima kila dakika kumi. Kisha nikasema ukweli, kwa kuwa mara ya kwanza niliondoka haraka mno: leo ni nzima, lakini leo si Alhamisi. Endelea kuandika daftari.

Alhamisi nilikuwa Woolwich. Magharibi ilipoingia nilitandika mswala nyuma ya gari, kati ya magurudumu ya nyaya, na katika sijda ya mwisho nilimtaja Mama Neema kwa jina lake na kwa namba ya laini yake. Saa kumi na moja na dakika kumi nikampigia Maureen.

"Nitazamie ile laini ya Thamesmead."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.

"Haijakatika."

"Tangu saa kumi?"

"Tangu Jumanne, Salim. Siku mbili. Hata mara moja. Upo? Salim?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nashukuru, na mtu anaposhukuru huchelewa kujibu simu.

Lakini laini nzima si mtihani uliofaulu, na sikuwa na haki ya kumpigia mteja kumwuliza mambo yake. Wiki zikapita. Siku moja asubuhi nilifungua orodha ya kazi nikakuta anwani ileile, kesi mpya. Nilifikiria balbu, nikafikiria kiungo, nikafikiria nilichokisahau. Kisha nikasoma maelezo: *Mteja anasema amefaulu. Anataka fundi Salim aje. Aina ya hitilafu: haijulikani.*

Nikampigia Maureen.

"Alipiga namba ya malalamiko kushukuru," akasema, na nilisikia anazuia kicheko. "Mfumo hauna sehemu ya shukrani. Msichana aliyepokea simu akafungua kesi. Sasa imefunguliwa, lazima mtu aende. Nimekupa wewe, saa saba. Usile kabla."

Nilipofika, Pat alikuwa ameshakaa mezani na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mbele yake, kitambaa shingoni. Mama mkwe alikuwa amevalishwa gauni la kitenge. Mama Neema alinisomea barua yote ya kufaulu kwake, mwanzo mpaka mwisho, hata anwani, akisimama kila mstari kuhakikisha nimeelewa, kisha akaisoma tena kwa Kifaransa kwa ajili ya mama mkwe, ambaye alikuwa analia kabla hajaanza. Tulikula mpaka Pat akafungua mkanda.

"Sasa, Papa," akasema Mama Neema, "funga kesi."

Nilifungua kompyuta ya kazi palepale juu ya meza. Mfumo ulinipa majibu matatu ya kuchagua: hitilafu ya ndani, hitilafu ya nje, hakuna hitilafu. Lile la tatu nilikuwa nimeshalitumia vibaya katika nyumba ile, na kwa rehema za Mungu nikapewa nafasi ya kulitumia kwa haki. Nikalichagua, na kwenye maelezo nikaandika: *Fundi amefika. Barua ameiona kwa macho yake. Muuguzi anarudi kazini.* Mama Neema akainama kutazama kioo, akasoma kwa sauti neno kwa neno, akabonyeza kitufe cha kufunga kwa kidole chake mwenyewe.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhi ukiwa juu ya ngazi na ukiwa chini. Akupe subira ya kungoja kosa mpaka lijitokeze, akuwekee watu wa kukusahihisha kwa upole, na akujaalie siku moja usikie habari njema ya mtu uliyemsaidia. Amin.